Gari Lililokataa Kushuka Mlima

Atuganile Mwaisumo alikuwa ameendesha malori miaka ishirini na sita katika barabara ya Tunduma, na katika miaka yote hiyo hakuna gari lililowahi kumjulia hali. Hili lilimjulia. Alipokaa tu kitini, kabla hajagusa chochote, sauti ya kike yenye lafudhi ya Mbeya ilimwamkia, ikamwambia kwamba moyo wake unapiga mara sabini na mbili kwa dakika, macho yake hayana usingizi, pumzi yake haina pombe, na kwa hiyo anaruhusiwa kuondoka.

"Marahaba," alijibu Atuganile, na injinia aliyekaa kushoto kwake akacheka kidogo.

Injinia huyo aliitwa Ombeni Sanga, Mkinga wa Makete, mtu wa miaka thelathini na minne aliyezungumza polepole kama anayepima kila neno kwenye mizani. Gari lenyewe liliitwa Mbega. Ombeni hakuwa ameunda bodi wala mota. Yeye alikuwa ameunda kile kilichokuwa ndani yake, kilichoitwa Mtulivu. Walipokuwa wakitoka Uyole kuelekea milima ya Uporoto alimweleza kinavyofanya kazi. Ndani ya kiti mlikuwa na nyuzi nyembamba zilizosikiliza mapigo ya moyo. Usukani ulionja jasho la viganja. Jicho dogo juu ya kioo liliangalia mboni za dereva. Dereva akilewa, akisinzia, akipandwa na hasira au akishikwa na woga, Mtulivu hupunguza mwendo, huliegesha gari pembeni, na halisogei tena mpaka moyo utulie. Magari mia sita yalikuwa yamejaribiwa kwa miaka miwili, na hakuna mtu hata mmoja aliyekufa ndani yake wala mbele yake.

Atuganile alizijua habari hizo. Nchi nzima ilizijua. Malori ya dizeli yalikuwa yamepigwa marufuku miaka minne iliyopita, na sasa bunge lilikuwa likijadili sheria nyingine: kuanzia Julai, kila gari jipya liwe na Mtulivu, lisilo naye lisiingie barabara kuu. Kampuni ilitaka watu waipokee sheria hiyo kwa mikono miwili, ndiyo maana ilimtafuta yeye. Kipindi chake cha redio cha kila Jumamosi kilisikilizwa kuanzia Tunduma hadi Makambako, na watu wengi hawakununua gari mpaka Mama Mwaisumo awe ameliendesha na kusema yake.

Palikuwa na sababu nyingine, ambayo kampuni haikuitaja ila iliijua vizuri. Miaka tisa kabla ya siku hiyo, mumewe Anyimike alikuwa amechutama kando ya barabara akibadilisha tairi, dereva mlevi akampitia na kumuua. Tangu hapo Atuganile alisema redioni, tena na tena, kwamba siku gari litakapoweza kumkatalia mlevi, yeye atakuwa wa kwanza kupiga makofi.

Kwa hiyo alikuja akiwa tayari kupiga makofi. Na Mbega lilistahili. Lilipanda mlima wa Isyonje kama linalovutwa kwa kamba kutoka juu, bila kelele, bila kukohoa. Kwenye mteremko mfupi aliinua tu mguu, na mota yenyewe ikalishika gari na kurudisha umeme kwenye betri, breki hata haikuguswa. Aliegesha mara mbili ili aandike kwenye daftari lake: kiti kigumu kidogo, kioo cha nyuma kidogo mno, nguvu tele, konani linashika ardhi. Aliandika pia kwamba kwa mara ya kwanza tangu astaafu lori, mgongo haukumuuma.

Juu kidogo ya Isyonje ndama alichomoka kwenye shamba la viazi akaingia barabarani. Atuganile alizungusha usukani kulia, akamkwepa, akaurudisha kushoto, yote kwa pumzi moja. Hakugusa hata mkia. Lakini moyo ulikuwa umeshtuka, kama moyo wa mtu yeyote ungeshtuka, na papo hapo usukani ukakakamaa mikononi mwake. Gari likajisogeza pembeni, likasimama. Sauti ikamwomba apumue taratibu.

Walikaa pale dakika nne. Ombeni alisema, kwa aibu kidogo, kwamba kipimo hicho bado wanakirekebisha.

"Nilimkwepa vizuri," alisema Atuganile.

"Ulimkwepa vizuri sana, mama."

"Halafu likanifunga."

Atuganile alifungua daftari akaandika hayo hayo, neno kwa neno, kisha akasubiri moyo wake umridhishe Mtulivu.

*

Ukungu uliwapokea Kikondo, ukungu wa kule juu ambao hushuka mchana kweupe na kumeza hata nguzo za umeme. Walikuwa wakienda taratibu sana walipomwona mwanamume amesimama katikati ya barabara akipunga shati. Nyuma yake, kwenye mtaro, pawatila, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono, lilikuwa limelala ubavu na magunia ya viazi yametawanyika. Kando ya magunia alikuwa amelala mkewe.

Mwanamume aliitwa Ambakisye. Alikuwa amefanikiwa kumtoa mkewe, Enesi, chini ya chuma, lakini chuma kilikuwa kimempasua paja, na damu ilikuwa ikitoka kwa kuruka. Atuganile alikwisha kuona damu ya namna hiyo barabarani, zaidi ya mara moja. Alivua kanga yake, akaifunga juu ya jeraha, akapitisha spana ya Ambakisye ndani ya fundo na kuizungusha mpaka damu ikapungua. Haikukoma. Walimbeba, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa mumewe. Enesi alikuwa anasikia baridi na alikuwa akiomba radhi kwa kuchafua gari.

Kituo cha afya kilikuwa chini, Isyonje, kilomita kumi na tatu.

Atuganile aliketi mbele ya usukani. Mbega lilimsalimu kwa sauti ile ile tamu, likamwambia moyo wake unapiga mara mia moja thelathini na moja, viganja vyake vina jasho na mwili una dalili za taharuki. Hawezi kuendesha. Msaada umekwisha kuitwa. Ndege ya wagonjwa haiwezi kuruka katika ukungu. Gari la wagonjwa litafika baada ya saa moja na dakika arobaini.

Alifumba macho akajaribu kutulia. Alijaribu kweli. Nyuma yake Enesi alikuwa akimwambia mumewe mahali alipoweka mbegu za msimu ujao, kwa sauti ya mtu anayeaga, na moyo wa Atuganile ukapanda badala ya kushuka. Alimpisha Ombeni. Gari likampima Ombeni, nalo likamkataa. Mapigo yake yalikuwa mia moja arobaini. Ambakisye hakuwa na leseni, na hata angekuwa nayo, ni nani angethubutu kumwambia atulize moyo? Na gari lisingeweza kujiendesha lenyewe, kwa kuwa barabara ile haikuwa kwenye ramani yake.

Ombeni alimpigia mkurugenzi, Shangwe Temu, aliyekuwa Mbeya mjini akiandaa uzinduzi wa Ijumaa. Yeye tu ndiye aliyeweza kumfungua Mtulivu kutoka mbali. Atuganile alisikia mazungumzo yote. Mkurugenzi aliuliza hali ya mgonjwa, akauliza hali ya ukungu, kisha akasema hapana. Akifungua, na dereva mwenye taharuki akaliangusha gari bondeni na watu wanne ndani, nani atajibu? Mtulivu aliundwa kwa ajili ya saa kama hiyo hasa, saa ambayo kila mtu ana sababu nzuri ya kujiona anaweza. Alisema anasikitika sana. Sauti yake ilisikitika kweli. Akakata simu.

Ombeni alibaki ameshika simu.

"Kuna njia nyingine," alisema Atuganile. Hakuuliza. Alikuwa amemtazama usoni muda mrefu vya kutosha.

Ombeni alisema ipo, lakini hakutaka kuionyesha. Gari likiharibika na likahitaji kuvutwa, kuna namna ya kuyaachia magurudumu yazunguke bure. Katika hali hiyo Mtulivu hulala, kwa sababu gari linalovutwa halina dereva wa kupimwa. Usukani hufanya kazi, na breki pia. Lakini mota haishiki kabisa. Kwa mteremko wa kilomita kumi na tatu wenye kona zile, breki peke yake zingewaka moto.

"Na nikikuonyesha, mama, siku moja mlevi naye ataijua. Kila nilichokifanya miaka saba kitakuwa kazi bure. Unanielewa? Wewe kuliko mtu yeyote unanielewa."

Alimwelewa. Hilo ndilo lililomchoma. Kama dereva aliyemuua Anyimike angekuwa ndani ya Mbega siku ile, Anyimike angekuwa hai, na yule mlevi naye bila shaka alikuwa na sababu zake, alikuwa akiwahi mahali, alijiona yuko sawa. Kila aliyewahi kuua mtu barabarani alijiona yuko sawa. Atuganile alisimama kwenye ukungu ule akijiuliza yeye ana tofauti gani naye, na jibu lililomjia halikumfurahisha: tofauti ni kwamba anajua anachokifanya, na akiua, hatakimbia.

"Nionyeshe mimi," alisema. "Si mlevi. Mimi. Nikiwaua, ni mimi niliyewaua, si gari na si wewe."

Ombeni alimwonyesha. Haikuchukua hata nusu dakika. Kisha yeye na Ambakisye wakalisukuma gari na kuligeuza mpaka pua yake ikaelekea Isyonje.

*

Gari lililoachiwa magurudumu ni kitu kingine kabisa. Lilianza kuteleza polepole, bila sauti, kisha uzito wa betri ukaanza kulisukuma, na Atuganile akakumbuka siku za kwanza za lori, alipofundishwa kwamba mlima haushindwi kwa nguvu. Breki hukanyagwa kwa nguvu mara moja, huachiwa, huachwa ipoe, hukanyagwa tena. Anayeibembeleza breki mlima mzima hufika chini bila breki. Alihesabu kwa sauti: kanyaga, achia, moja, mbili, tatu, nne. Ombeni alichungulia ukungu na kumtajia kona kabla hazijatokea. Nyuma, Ambakisye alishika spana kwa mikono miwili.

Kilomita ya nne alisikia harufu, harufu ya chuma kinachoungua. Kilomita ya saba kanyagio lilianza kulegea chini ya mguu wake. Kama angekuwa na muda angesimama breki zipoe nusu saa, lakini Enesi alikuwa ameacha kuzungumza.

Ndipo Ombeni alipokumbuka kile ambacho wote wawili walikuwa wamekisahau. Kabla ya Isyonje, baada ya daraja, barabara inapanda. Si mlima, ni mwinuko mfupi wa mita mia mbili tu, ambao asubuhi hawakuuona hata kidogo. Sasa hawakuwa na mota. Gari likikosa mwendo wa kutosha lingekwama katikati, lirudi nyuma hadi darajani, na kituo kingebaki upande wa pili kilomita mbili.

Atuganile alielewa kabla Ombeni hajamaliza kusema. Kwa kilomita nzima ya mwisho kabla ya daraja, asingekanyaga breki.

Ukungu ulikuwa umeanza kukatika. Aliona barabara yote hadi daraja, nyembamba, nyeupe, tupu. Aliinua mguu. Mwendo ukafika sabini, themanini, tisini na tano. Moyo wake ulipiga unavyojua wenyewe, na mikono yake ilitulia kwenye usukani kama ilivyotulia miaka ishirini na sita, kwa maana mikono na moyo havikuwahi kuwa kitu kimoja, na hilo hakuna uzi wa kitini uliokuwa umelijua. Walilivuka daraja. Gari likaupanda mwinuko, likapoteza mwendo, hamsini, thelathini, kumi na mbili. Juu kabisa lilikuwa likitambaa kama mtu mgonjwa. Kisha pua yake ikainama upande wa pili.

Kwenye geti la kituo kanyagio lilishuka hadi sakafuni na hakuna kilichotokea. Pembeni palikuwa na rundo la mchanga wa mafundi wanaojenga wodi mpya. Atuganile alilielekeza Mbega mchangani, likazama mpaka taa, likatulia.

Enesi aliishi. Mguu walimkata siku iliyofuata, juu ya goti. Daktari alimwambia Ambakisye kwamba dakika ishirini zaidi, na asingekuwa na mgonjwa wa kumkata mguu.

*

Shangwe Temu alikuja nyumbani kwa Atuganile Alhamisi asubuhi, akiwa na karatasi mbili. Hakuja kwa shari. Aliketi, akakubali chai, akamwonyesha karatasi ya kwanza, iliyotoka kwa mafundi. Kipande cha breki cha gurudumu la mbele kilikuwa kimeungua hadi chuma. Kwa hesabu zao, safari kumi za namna hiyo zikifanywa, nne zingeishia bondeni.

"Mtulivu hakukosea, mama," alisema. "Ulibahatika."

Atuganile aliisoma karatasi yote. Alikubali kwamba alibahatika. Alisema pia kwamba saa moja na dakika arobaini, mara kumi, ingezika Enesi kumi.

Karatasi ya pili ilikuwa maneno ambayo angeyasoma kesho kwenye uzinduzi. Yalisema kwamba Mbega lina hali maalumu ya dharura, na kwamba hali hiyo ndiyo iliyookoa maisha ya mama mmoja wa Kikondo. Mkataba aliokuwa ameusaini ulimkataza kusema lolote lisilopitishwa na kampuni. Akikiuka, watamshtaki, na redio wataiandikia barua. Kuhusu Ombeni, alikuwa amesimamishwa kazi, lakini mambo yake yangeweza kuzungumzika, kutegemea mambo ya kesho.

Mkurugenzi alipoondoka, Atuganile alimpigia Ombeni. Alimkuta ametulia kuliko alivyotarajia. Ombeni alimsimulia kwamba miaka mitatu iliyopita alikuwa amebuni kitu kidogo: dereva aliyekataliwa aweze kulitamkia gari jina lake kamili na kusema anaubeba mzigo, gari lirekodi, litoe taarifa polisi papo hapo, kisha limtii. Aliyelewa angekataliwa hata hivyo. Wengine wangesikilizwa, ila wangejibu mbele ya sheria kwa kila kilichotokea. Kampuni ilikataa, kwa kuwa mahakama ikianza kumuuliza dereva kwa nini aliendesha, siku moja itaiuliza kampuni kwa nini ilikataa.

"Sema, mama," alisema Ombeni. "Kazi nitapata nyingine. Lakini nakuomba, usiseme njia tuliyotumia."

*

Ijumaa uwanja ulijaa. Mbega kumi na mbili mpya zilipangwa mstari mmoja, nyeupe na nyeusi, na wabunge wawili walikaa safu ya mbele. Atuganile alipopewa kipaza sauti alikunja karatasi ya kampuni mara mbili, akaiweka kwenye meza iliyokuwa karibu.

Alianza na kiti kigumu. Akasema kioo cha nyuma ni kidogo. Akalisifu gari kwa kupanda, kwa kona, kwa ukimya, akawaambia hajawahi kuendesha kitu kizuri kama hicho, na watu wa kampuni wakaanza kutabasamu. Kisha akawaambia kwamba siku ya Jumanne gari hilo lilimkataa, akiwa na mama anayetokwa damu kiti cha nyuma, kwa kosa la moyo kwenda mbio. Akawaambia hakuna hali yoyote ya dharura. Alishuka mlima kwa kumkwepa Mtulivu, si kwa kusaidiwa naye.

Kipaza sauti kilizimwa hapo. Atuganile alikitazama, akakilaza mezani, akaendelea. Alikuwa amezoea kumwita utingo kutoka upande wa pili wa lori huku injini ya dizeli ikinguruma, na uwanja ule haukumshinda. Watu wa nyuma walisogea mbele. Aliwasimulia habari za Anyimike. Alisema anataka mlevi akataliwe, leo, kesho na hata milele, na aliye na gari lisiloweza kumkatalia mlevi alipeleke likayeyushwe. Lakini sheria inayowasubiri bungeni haitofautishi mlevi na mtu mwenye hofu, na mwenye hofu, alisema, mara nyingi ndiye pekee aliyeelewa kinachotokea. Akaueleza mpango wa Ombeni, jina na mzigo, akamtaja Ombeni kwa majina yake yote mawili.

Mwandishi mmoja wa habari alitaka kujua alimkwepaje Mtulivu. Alimjibu kwamba hilo hatalisema, wala kwake, wala kwa jaji. Mwanamke mmoja katikati ya umati akamuuliza swali ambalo wasikilizaji wake humuuliza kila Jumamosi: yeye mwenyewe angelinunua?

"Siku litakapokubali jina langu," alisema Atuganile. "Kabla ya hapo, hapana."

Alishuka jukwaani. Walinzi walimfuata hadi getini bila kumgusa. Hakwenda nyumbani. Alivuka barabara, akaenda moja kwa moja ofisi ya trafiki, akamkuta Sajini Mlowe, mtu mzima mwenye miwani, akila karanga. Alimweleza kwamba amekuja kuripoti kosa: Jumanne aliendesha gari kwa namna ya kuhatarisha maisha ya watu watatu, mbali na yake.

Sajini alifungua kitabu, akatafuta, akainua kichwa.

"Hakuna aliyekushtaki, mama."

"Najua."

Alimsimulia kila kitu isipokuwa njia ya kuyaachia magurudumu. Sajini aliandika taratibu, ukurasa mmoja na nusu. Alimwambia mapema kwamba kwa maelezo hayo atalazimika kuichukua leseni, na inaweza kukaa mwaka mzima kabla mahakama haijasema lolote. Atuganile aliitoa kwenye pochi akaiweka juu ya kitabu. Ilikuwa na picha yake ya zamani, kabla ya mvi.

Sajini aliiangalia. Kisha akajaribu kumsaidia, kama binadamu anavyomsaidia mwenzake. Alisema mwisho wa maelezo pana nafasi ya sababu, na akiandika pale kwamba mtuhumiwa alilazimika, kwamba hakuwa na la kufanya, hakimu atamwelewa, huenda shauri likaisha siku hiyo hiyo.

"Niandike ulilazimika?"

"Hapana," alisema Atuganile, akichukua kalamu ili asaini. "Andika nilichagua."